Amri Ambayo Hakuna Aliyeitoa

Mwaka 1952 Bunge la Afrika Kusini lilipitisha sheria iliyojiita sheria ya kufuta pasi za wenyeji, na matokeo yake yakawa kwamba hapakubaki Mwafrika mwanamume aliyetimiza miaka 16 aliyeweza kuvuka kizingiti cha mlango wake kwa amani bila ya pasi mfukoni. Kilichofutwa ni vyeti vya zamani vilivyotofautiana jimbo kwa jimbo. Kilichowekwa mahali pake ni kitabu kimoja chenye picha ya mwenyewe, jina la mwajiri na sahihi yake, habari za kodi, na idhini ya kukaa mjini, ambacho askari yeyote aliruhusiwa kukidai saa yoyote ya usiku au ya mchana, na asiyekuwa nacho alibebwa papo hapo hadi mahabusi. Kuanzia mwaka 1956 wanawake nao wakaanza kugawiwa kitabu hicho. Wasomaji wa Kenya, ambao babu zao walining'iniza kipande shingoni katika kikebe cha bati, hawana haja ya kuelezwa jinsi karatasi inavyoweza kumgeuza mtu kuwa mgeni katika nchi ya baba zake.

Chama cha PAC kilichozaliwa mwezi wa Aprili 1959, baada ya kundi la vijana kujitenga na ANC, kilikifanya kitabu hicho kuwa shabaha yake ya kwanza. Kiongozi wake, Robert Sobukwe, alikuwa mwalimu wa lugha katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, mtu mpole wa kauli na mkali wa hoja, na mpango alioupanga ulikuwa rahisi kiasi cha kustaajabisha: siku ya Jumatatu, tarehe 21 Machi 1960, watu waziache pasi zao majumbani, wende kwa miguu hadi kituo cha polisi kilicho karibu, wajitoe wakamatwe, na wakikamatwa wasiombe dhamana wala wasilipe faini, mpaka magereza yafurike na viwanda vikose watu. ANC ilikuwa imekusudia kampeni yake ianze tarehe 31. PAC ikaitangulia kwa siku kumi.

Kabla ya siku ile Sobukwe alimwandikia barua mkuu wa polisi wa nchi nzima, Meja Jenerali Rademeyer, na barua hiyo inastahili kusomwa na kila anayeandika kanuni za askari hata leo. Alimjulisha tarehe, akamhakikishia kuwa hakutakuwa na fujo kwa upande wa watu wake, kisha akamwomba jambo moja ambalo wakati ule huenda lilionekana dogo: kwamba askari wakitaka watu watawanyike, watu watatawanyika, lakini isitazamiwe kwamba halaiki ya maelfu itaweza kuondoa miili yake mahali pale kwa sababu tu ofisa fulani kijana mwenye chuki na mwenye kidole chepesi amewapa dakika tatu. Hapo mwalimu wa lugha alikuwa amekwisha kuiandika, pasipo kuwa wakili, nusu ya sheria ambayo mataifa yangekuja kuiandika miaka 30 baadaye: onyo liwe la kweli, muda uwe wa kutosha, na bunduki isiwe jibu la kwanza.

Kitongoji cha Sharpeville, kilometa takriban 60 kusini ya Johannesburg, kilikuwa kimejengwa kwa ajili ya watumishi wa viwanda vya Vereeniging, na wenye mamlaka walikitaja kuwa mfano wa utulivu. Wengi wa wakazi wake walikuwa wamehamishwa pale kutoka Topville, mtaa wa zamani uliobomolewa, wakajikuta katika nyumba zenye kodi kubwa kuliko walizoziacha na mbali zaidi na kazi. Usiku wa kuamkia tarehe 21 nyaya za simu zikakatwa na mabasi yakazuiwa, na kulipopambazuka watu wakaanza kukusanyika kandokando ya ua wa waya uliokizunguka kituo cha polisi. Idadi yao imekuwa ugomvi tangu siku ile: polisi walisema 20,000, na waandishi na wachunguzi waliokuja baadaye wakaona kuwa elfu tano ni karibu zaidi na ukweli. Walikuwapo wazee, wanawake wenye watoto mgongoni, na wanafunzi. Baadhi walikuwa wameambiwa kwamba atakuja ofisa mkubwa kutoka juu kuwatangazia habari ya pasi, nao wakawa wanamngoja.

Serikali ilileta ndege za kivita zikapita chini mno juu ya vichwa vya watu ili kuwatia hofu, na watu, badala ya kukimbia, wakazipungia mikono. Likaletwa jeshi la askari mpaka wakafika karibu 300, weupe na weusi, pamoja na magari matano ya deraya ya aina ya Saracen, yaliyoundwa Uingereza. Ilikuwa imepita miezi miwili tu tangu askari tisa wauawe na umati huko Cato Manor karibu na Durban, na khofu ya kisa kile ilikuwa imejaa vifuani mwa vijana waliosimamishwa nyuma ya waya. Jambo hili watetezi wa polisi walilitaja sana baadaye, na si haki kulipuuza. Walakini khofu ya askari ndiyo hasa sababu ya kuwapo kwa ofisa juu yake, na ofisa aliyekuwapo siku ile, Luteni Kanali Pienaar, aliyefika karibu na adhuhuri, hakujaribu kusema na umati hata mara moja, wala hakuwaamuru watu watawanyike, wala hakuwapa hata hizo dakika tatu. Alichokifanya ni kuwapanga askari wake mstari mmoja na kuwaamuru watie risasi tano tano katika bunduki.

Ilipokaribia saa saba na nusu mchana palitokea msukosuko kidogo langoni. Ofisa mmoja wa usalama alijikwaa katika kumkamata mtu, watu wa mbele wakasukumwa na wa nyuma waliotaka kuona, waya ukalegea. Risasi moja ikalia, kisha mbili, kisha mstari mzima, na bunduki za rashasha zikaingia pamoja na zile za kawaida. Humphrey Tyler wa gazeti la Drum, ambaye alikuwa pale pamoja na mpiga picha Ian Berry, aliandika kwamba watu wa karibu naye mwanzoni walidhani ni risasi baridi, na baadhi ya wanawake walikuwa wakicheka walipoanza kukimbia. Alimwona mtoto mmoja mwanamume aliyevaa koti kuukuu, amelivuta akaliinua nyuma ya kichwa chake huku akikimbia, kana kwamba nguo ingeweza kuzuia chuma. Askari mmoja juu ya gari la deraya, kwa masimulizi ya Tyler, alikuwa akiizungusha bunduki yake kwa upana kutoka upande huu hadi upande ule. Yote hayo hayakufikia dakika moja.

Hesabu iliyotangazwa ni maiti 69 na majeruhi 180, na hiyo ndiyo iliyoingia vitabuni na katika hotuba za kila mwaka. Wanahistoria Nancy Clark na William Worger, baada ya kupekua upya kumbukumbu za polisi na za hospitali, wamesema kuwa waliouawa hawapungui 91. Ila kuna hesabu nyingine ambayo haikuhitaji kungoja wanahistoria, kwa sababu madaktari waliitoa mwaka ule ule wakiwa wameapa: zaidi ya theluthi mbili ya majeraha waliyoyaeleza yaliingia kwa nyuma. Mtu anayeshambulia haonyeshi mgongo.

Tume iliyoundwa kuchunguza, chini ya Jaji Wessels, ilisikiliza mashahidi kwa wiki nyingi, na miongoni mwa mawakili waliowahoji maofisa alikuwamo Sydney Kentridge, aliyesimama kwa niaba ya Askofu Ambrose Reeves wa Johannesburg. Reeves alikuwa amekwenda hospitalini mapema na kukusanya maelezo ya majeruhi kabla hayajapotea, na malipo yake yakawa kufukuzwa nchini mwezi wa Septemba mwaka ule. Mbele ya tume Pienaar aliulizwa kama aliamuru kupiga. Akajibu kuwa hakuamuru. Wala hapana ofisa mwingine aliyekiri kuamuru. Askari mmoja mmoja walieleza kwamba walimsikia mwenzao akipiga nao wakapiga, au kwamba walihisi maisha yao yamo hatarini, au kwamba walidhani wamesikia neno. Pienaar aliongeza rai yake mwenyewe, kwamba kwa tabia ya wenyeji kukusanyika kwao ni sawasawa na vurugu, na kwamba hakuona haja ya kujilaumu kwa lolote.

Basi likazuka jambo la ajabu katika mizani ya sheria. Kama amri ingalitolewa, angalikuwapo mtu wa kuulizwa: kwa nini uliamuru, ulikuwa na njia gani nyingine, uliwaonya vipi? Kwa kuwa amri haikutolewa, lawama ikagawanywa mafungu madogo madogo baina ya askari wengi, kila mmoja akiwa na khofu yake na risasi zake, mpaka ikawa haina mwenyewe. Tume haikupata mtu wa kumtwisha mzigo ule. Zaidi ya watu mia mbili walifungua madai ya fidia, na kabla hayajasikilizwa Bunge likapitisha, mwaka 1961, sheria ya kinga iliyorudi nyuma mpaka tarehe 21 Machi 1960, ikawafungia watu mlango wa mahakama kwa yale yaliyotendwa kwa nia njema katika kuzima ghasia. Tarehe ile haikuchaguliwa kwa bahati nasibu.

Nje ya nchi mambo yalikwenda mwendo mwingine. Mpaka siku ile Umoja wa Mataifa ulikuwa ukilizungumza suala la Afrika Kusini kwa haya, kwa sababu ya ibara ya Mkataba wake inayokataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi, na kila mara serikali ya Pretoria ilijificha nyuma ya ibara hiyo. Mataifa 29 ya Afrika na Asia yakaomba kikao cha Baraza la Usalama, na tarehe 1 Aprili 1960 Baraza likapitisha azimio namba 134 kwa kura tisa, pasipo kura ya kupinga, likitamka kwamba hali ile ikiendelea yaweza kuhatarisha amani ya dunia, na likiitaka serikali iache siasa ya ubaguzi. Uingereza na Ufaransa zilijizuia. Azimio halikuwa na meno. Lakini hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Baraza lile kutamka kuwa jinsi askari wa nchi fulani wanavyowapiga risasi raia wa nchi hiyo hiyo ni jambo linaloihusu dunia nzima, na mlango uliofunguliwa kwa namna ile haukufungika tena. Wakati huohuo Pretoria ilikuwa imekwisha kutangaza hali ya hatari tarehe 30 Machi, na tarehe 8 Aprili ikapiga marufuku ANC na PAC. Oliver Tambo alivuka mpaka kuingia Bechuanaland siku chache baada ya mauaji na kutoka huko akafika Dar es Salaam, na kwa miaka mingi baadaye makao ya wakimbizi wa vyama hivyo viwili yakawa kwetu, Dar es Salaam na Morogoro. Mwaka uliofuata mauaji yale Julius Nyerere aliandika katika gazeti la Observer la London kwamba Tanganyika huru haitaweza kuketi katika Jumuiya ya Madola pamoja na Afrika Kusini, na siku chache baadaye Afrika Kusini ikajitoa.

Sobukwe mwenyewe, aliyekwenda kwa miguu hadi kituo cha polisi cha Orlando na kujitoa kama alivyowaagiza wengine, alihukumiwa miaka mitatu. Na alipoimaliza, Bunge likatunga kifungu maalumu cha kumweka kizuizini Robben Island, mwaka baada ya mwaka, hadi 1969.

Hapa yafaa tuache kidogo vitongoji tuingie katika vitabu, maana risasi ya mgongoni haikuwa ajali ya Sharpeville tu, bali ilikuwa na kifungu chake. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai ya mwaka 1977, kwa kurithi sheria zilizoitangulia, ilisema katika kifungu cha 49 kwamba mtuhumiwa akikimbia ili asikamatwe, na ikiwa haiwezekani kumzuia isipokuwa kwa kumwua, basi kumwua kutahesabiwa kuwa ni kuua kwa halali, maadamu kosa analotuhumiwa nalo limo katika orodha iliyoambatishwa. Katika orodha hiyo, pamoja na uuaji na unajisi, ulikuwamo wizi. Asili ya fikira hii ni Uingereza ya karne zilizopita, ambako takriban kila kosa kubwa adhabu yake ilikuwa kunyongwa, hata wanasheria wakaona kwamba mkimbizi anayepigwa risasi hakupokonywa ila kile ambacho mahakama ingemnyang'anya kesho. Kamba zikaondolewa kwa makosa mengi, wezi wakawa wakifungwa na kuachiliwa, lakini ruhusa ya kuwapiga risasi wakikimbia ikabaki vitabuni katika nchi nyingi zilizofuata desturi ile, mfano wa boriti inayoachwa ukutani baada ya dari kubomolewa.

Mwezi wa Machi 1985 mambo mawili yalitokea katika muda wa wiki moja, katika mabara mawili, bila ya watu wa huku kujua habari za huko. Tarehe 21, siku ya kutimia miaka 25 tangu Sharpeville, watu wa Langa huko Uitenhage walikuwa wakienda mazikoni, askari wakawazuia njiani na kuwapiga risasi, wakafa watu 20. Tume ya Jaji Kannemeyer iligundua kwamba askari wale walitumwa kukabili umati bila ya mabomu ya machozi, bila ya risasi za mpira, bila ya marisau madogo ya ndege. Walichokuwa nacho ni marisau makubwa ya kuua na bunduki, na jambo hilo halikutokea kwa usahaulifu wa mtunza ghala. Tarehe 27, huko Marekani, Mahakama ya Juu ilikata shauri la Tennessee dhidi ya Garner, lililohusu kijana wa miaka 15 aliyevunja nyumba usiku mjini Memphis mwaka 1974, akamulikwa na kurunzi ya askari ambaye alikiri kuwa alikuwa na yakini ya kutosha kwamba mtoto hana silaha, kisha akapigwa risasi ya kisogoni akipanda ua, akiwa na pochi ya mwanamke na dola 10. Majaji walio wengi wakasema kwamba si afadhali watuhumiwa wote wa makosa makubwa wafe kuliko waponyoke. Mkimbizi asiye hatari kwa mtu, aachwe akimbie, atakamatwa siku nyingine.

Umoja wa Mataifa ulikuwa umekwisha kutoa, mwezi wa Desemba 1979, kanuni za mwenendo wa watekelezaji sheria, zenye kusema kwa ufupi kwamba nguvu itumike pale tu panapokuwa na ulazima mkubwa, na kwa kadiri kazi inavyodai. Kanuni zilizo pana zaidi zikatoka Havana, katika mkutano wa nane wa Umoja huo juu ya kuzuia uhalifu, uliofanywa kuanzia tarehe 27 Agosti hadi 7 Septemba 1990. Ukizisoma huku ukiikumbuka Sharpeville, utadhani waandishi waliiweka picha ya Berry mezani. Zinasema askari wapewe zana za aina mbalimbali ili wasilazimike kuruka kutoka mkono mtupu hadi mauti. Kuua kwa kukusudia kusifanywe ila pale ambapo hapana budi ili kuokoa uhai. Onyo litolewe na muda wa kulitii. Majeruhi watibiwe upesi na jamaa zao wajulishwe. Hali ya hatari isiwe udhuru. Na wakubwa wawajibike ikiwa walijua, au ilipasa wajue, kwamba walio chini yao wanatumia nguvu kwa haramu na wasiwazuie. Hili la mwisho ndilo lililokosekana mbele ya Jaji Wessels. Kutotoa amri kukageuka kutoka kuwa kinga na kuwa sehemu ya shtaka.

Na Ulaya ikaongeza yake. Mwaka 1988 askari wa Uingereza waliwaua watu watatu wa IRA barabarani Gibraltar, nao wakakutwa hawana silaha wala bomu la kulipuliwa kwa mkono kama askari walivyoambiwa. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, katika hukumu ya tarehe 27 Septemba 1995 iliyopatikana kwa kura kumi dhidi ya tisa, haikuwalaumu waliovuta mtambo, kwa kuwa waliamini walichoambiwa; iliilaumu operesheni nzima, jinsi ilivyopangwa na kuongozwa, kwa kuwa watu wale wangaliweza kukamatwa mapema, na kwa kuwa habari za kubahatisha zilifikishwa kwa askari kama yakini. Kwa maoni yangu hukumu hii, iliyopita kwa kura moja, ina uzito kuliko maazimio mengi yaliyopita kwa kauli moja.

Afrika Kusini ilizirudia hoja hizi kwa njia yake. Mwezi wa Juni 1995 Mahakama ya Katiba, changa bado, ilifuta adhabu ya kifo katika shauri la Makwanyane, na rais wa mahakama hiyo, Arthur Chaskalson, akadokeza kwamba huenda kifungu cha 49 nacho kikahitaji kutazamwa upya. Kwa kweli ingekuwa vigumu kueleza ni vipi dola iliyokatazwa kumwua mtu baada ya kumhukumu ipewe idhini ya kumwua kabla hajahukumiwa. Tarehe 10 Desemba 1996 Nelson Mandela alikwenda Sharpeville akaitia sahihi katiba mpya palepale. Bunge likaandika kifungu cha 49 upya mwaka 1998, na hapo ikatukia kashfa ambayo ni watu wachache nje ya nchi ile wanaoikumbuka: polisi na waziri wao walilalamika kwamba sheria mpya itawafunga mikono mbele ya majambazi, na kwa muda wa miaka kadhaa serikali ya ukombozi haikuitangazia siku ya kuanza kutumika. Kifungu cha enzi za ubaguzi kikaendelea kuwa sheria ya nchi huru.

Mahakama ndizo zilizokata mkwamo ule. Mwaka 2001 Mahakama Kuu ya Rufani, katika shauri la kijana asiye na silaha aliyepigwa risasi akikimbia kutoka katika gari la wizi, akapooza, ilikibana kifungu kile kwa tafsiri. Mwaka uliofuata, tarehe 21 Mei 2002, Mahakama ya Katiba ikatoa hukumu ya shauri la Walters, lililotoka Lady Frere, ambako baba na mwanawe waliwapiga risasi watu waliovunja duka lao la mikate usiku, na mmoja akafa. Washtakiwa hawakuwa polisi, lakini kifungu walichojitetea nacho kilikuwa kilekile kilichowalinda polisi. Jaji Johann Kriegler, kwa niaba ya wenzake wote, alieleza kwamba madhumuni ya kumkamata mtu ni kumfikisha mbele ya hakimu, si kumwadhibu. Kwamba kukamata si lengo kwa nafsi yake, wala si kila mtuhumiwa lazima akamatwe kwa gharama yoyote. Na kwamba kumpiga risasi mkimbizi kwa sababu tu aliiba ni kuuweka uhai wa binadamu chini ya mali. Sehemu ya kifungu iliyoruhusu kuua ikabatilishwa. Sheria ile ya 1998 ikaanza kutumika mwezi wa Julai 2003, baada ya majaji kuifanya isiwe na maana kuichelewesha.

Asiyejua yaliyofuata angedhani hapo ndipo hadithi inapotua. Mwezi wa Agosti 2012 wachimba madini ya platinamu wa kampuni ya Lonmin huko Marikana, karibu na Rustenburg, waligoma wakidai mshahara wa randi 12,500 kwa mwezi, na katika siku chache za mgomo watu kumi waliuawa, miongoni mwao askari polisi wawili na walinzi wawili wa kampuni. Usiku wa tarehe 15 wakuu wa polisi wa nchi nzima walikutana, ikaamuliwa kwamba kesho yake wagomaji wanyang'anywe mikuki na marungu yao na waondolewe katika kilima walichokikalia, kwa hiari au kwa nguvu. Mpango wa awali, wa kuwazingira alfajiri wakiwa wachache, ukaachwa. Mwingine ukaandikwa kwa haraka asubuhi ileile. Asubuhi hiyohiyo polisi waliagiza magari manne ya kubebea maiti.

Alasiri ya tarehe 16 Agosti kikosi chenye bunduki za kivita za R5 kiliwafyatulia risasi watu waliokuwa wakija upande wake kupitia upenyo wa seng'enge, wakafa 17 katika sekunde chache, mbele ya kamera za televisheni. Hicho ndicho dunia ilichokiona. Isichokiona ni kwamba robo saa baadaye, mbali kidogo nyuma ya pale, kati ya majabali ambamo wagomaji walikuwa wamekimbilia kujificha, waliuawa 17 wengine, baadhi yao wakiwa wamejikunyata katika mianya ya mawe. Majeruhi wa mahali pa kwanza walikaa karibu saa nzima kabla ya kufikiwa na tabibu.

Tume ya Jaji Ian Farlam, ambayo ripoti yake ilitangazwa mwezi wa Juni 2015, haikuishia kwa kuuliza ni nani alivuta mtambo wa bunduki. Ilikwenda katika kikao cha usiku wa tarehe 15. Iliuliza kwa nini mpango uliachwa, kwa nini operesheni haikusimamishwa baada ya watu wa kwanza kuanguka, kwa nini bunduki za vitani zilipelekwa kwa raia, na ni nani aliyekuwa akiongoza wakati ule wa majabali, swali ambalo maofisa walilijibu kwa namna ambayo Pienaar angeitambua. Ilipendekeza R5 ziondolewe katika kazi ya kutuliza umati, na jopo la wataalamu liundwe. Jopo likamaliza kazi mwaka 2018, na ripoti yake ikakaa katika makabati mpaka mwaka 2021 ilipotolewa kwa watu. Kuhusu mkuu wa polisi, Riah Phiyega, Farlam alitaka achunguzwe kama anafaa kubaki katika cheo chake. Bodi ya Jaji Claassen ikachunguza, na mwaka 2016 ikasema hafai na aondolewe. Yeye alikuwa amesimamishwa kazi tangu Oktoba 2015, akaendelea kupokea mshahara nyumbani mpaka mkataba wake ulipokwisha katikati ya mwaka 2017. Na miaka kumi baada ya Marikana ilipotimia, hapakuwa na askari hata mmoja aliyetiwa hatiani kwa vifo vile 34.